Kifaa cha Fundi Wetu na Maswali ya Mkaguzi
(Maneno yetu kwa kamati za maji za parokia)



Mnakumbuka tulivyoshangilia fundi wa karakana yetu alipowaonyesha kifaa kinachovikwa kwenye spana ya bomba, mtu mmoja akakaza kiungo bila msaidizi. Tukapiga picha, tukazigawa. Tulifanya haraka.

Mkaguzi wa hataza huuliza: Je, kifaa ni kipya? Je, fundi mwingine mzoefu asingekibuni kwa urahisi? Je, kinaweza kutengenezwa na kutumika? Hilo la mwisho halitusumbui, mmekitumia visimani. Lakini upya hupimwa kwa dunia nzima. Daniel Stillson alipewa hataza ya spana yake ya bomba huko Marekani mwaka 1869, na wengi wameiboresha tangu hapo. Kwa hiyo tusidai spana. Tudai kile kishikio tu, na jinsi kinavyobana bomba la pili.

Na zile picha? Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 humwachia mvumbuzi miezi 12 tangu alipojitangazia mwenyewe. Ofisi ya Hataza ya Ulaya haina nafasi hiyo. Huko tumekwisha kuchelewa. Hapa imebaki miezi mitatu.

Swali la pili likitushinda, tutaomba cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hakidai ubunifu mkubwa hivyo. Hudumu miaka 10, hataza 20.

Tunaomba ada ichangwe kabla ya mwezi kwisha. Mvumbuzi kwenye fomu ataandikwa fundi, si ofisi yetu.