JINA LA KOMBE



Mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule za Kenya yalianza mwaka 1959. Kitale na Bungoma ni majirani, lakini shule za Kitale hushindana katika Bonde la Ufa, na za Bungoma katika Magharibi. Hukutana kwenye mashindano ya taifa tu. Mshindi hurudi na kombe. Je, kombe liitwe kwa jina la nani?

Mataifa mengine yamekwisha kulijibu swali hilo. Marekani, tuzo ya Tony ilipewa jina la utani la Bibi Antoinette Perry, mwigizaji na mwongozaji wa michezo, aliyefariki mwaka 1946. Washindi wa kwanza, mwaka 1947, hawakupata nishani, bali hati na vitu vidogo kama kiberiti cha kuwashia sigara au kikasha cha poda. Vitu hivyo vimesahauliwa; jina limedumu. Uingereza, tuzo za London zilianza mwaka 1976 pasipo jina la mtu. Mwaka 1984 zikaitwa Olivier, naye Laurence Olivier angali hai.

Basi wenyeji wa Kitale na Bungoma na wajiulize: ni nani aliyewafundisha watoto wao kusimama jukwaani bila hofu? Heri aheshimiwe angali anasikia.