Kikapu cha Vitambaa

Ndugu zetu, nanyi walimu, twapenda kusema nanyi habari za kazi ifanywayo nyumbani. Hapa Bukoba na Muleba wako wazazi wawekao kikapuni vipande vya kanga, vya kitenge, hata mabaki ya fundi cherehani. Jioni watoto huviunga pamoja, wakubwa wakiwatungia wadogo uzi.

Ni jambo jema. Lakini kikapu kimepungukiwa, maana mna nguo za dukani tu. Wazee wa Buhaya walivaa lubugo, nguo ya gome la mti. Walibandua gome, wakalifunga shina kwa majani ya mgomba lisikauke. Kisha waliliponda gome kwa nyundo ya mti yenye mistari ya kuchongwa, hata likapanuka na kulainika. Palipokuwa na tundu la tawi walishona kiraka. Kumbe sindano ilitangulia cherehani!

Kwa jirani zetu Buganda kazi hiyo yaendelea, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote. Kwetu watoto wengi hawajaigusa nguo hiyo. Basi mtoto aendapo kwa bibi yake, na aombe kipande, hata cha upana wa kiganja, akaulize: Ni gome la mti gani? Nani aliliponda? Tundu hili lilishonwa kwa uzi gani? Na aulize mwaka huu, bibi angali anakumbuka.