Ngitili ni ya Nani?

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ngitili, yaani lile eneo la majani ambalo watu wa Choma, kama Wanyamwezi na Wasukuma wengine, hulifunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate malisho kiangazi kinapokuwa kikali.

Mwezi wa Septemba uliopita tulikwenda kuwatazama wanafunzi wetu wa ualimu wakifundisha kwa mazoezi katika shule moja ya upande huo. Tulikuta madawati ya nyuma matupu. Tukaambiwa kwamba wavulana wamefuata ng'ombe mbali, mwendo wa siku mbili, kwa sababu ngitili ya kijiji imelimwa. Ni nani aliyeilima? Watu wachache tu, kila mmoja akimega kipande chake. Na wenzao walisema nini? Hawakusema neno. Siku ya mkutano walikuwa mnadani.

Hapo zamani, misafara ilipokuwa ikipita Tabora kwenda Ujiji, mambo ya ardhi yalikuwa mikononi mwa mtemi na wanangwa wake. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Basi wako wanaodhani kwamba tangu hapo ardhi ya wote haina mwenyewe. Sivyo hata kidogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba Halmashauri ya Kijiji ni msimamizi wa ardhi, kama mtu aliyewekewa amana. Amana si mali ya aliyewekewa. Kwa hiyo Halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali kwanza. Tena ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya wote haigawiwi mtu mmoja, nayo yapasa kuandikwa katika daftari la kijiji. Na Mkutano Mkuu ndio nani? Ni ninyi nyote, wanaume kwa wanawake, mliotimiza miaka 18. Yapasa mkutanike kila miezi mitatu, nayo Halmashauri iwaeleze jinsi inavyoitunza ardhi yenu.

Pakitokea ugomvi, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

Tena msidhani kwamba ngitili ikiisha kuharibika haiponi. Tazameni jirani zetu wa Shinyanga. Miti ilikuwa imekatwa, na upepo ukichukua udongo. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa hifadhi ya ardhi uitwao HASHI. Watu wakafunga tena ngitili zao, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipuka. Wakapata majani, kuni, dawa na asali.

Basi yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, tuhudhurie mkutano, wala tusiwaachie wengine kusema kwa niaba yetu. Pili, tuulize kwa adabu: je, ngitili yetu imeandikwa, na mipaka yake ni ipi? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, tuwaonyeshe watoto mipaka hiyo kwa miguu yao.

Anayenyamaza mkutanoni asishangae kumwona mwanawe porini siku ya shule.