Mvua Ndani ya Shairi: Kusoma Ishara za Ushairi wa Kiingereza Tukiwa Simiyu



Hapa Bariadi sina haja ya kueleza ngoma ya bugobogobo ni nini. Vijana huingia uwanjani na majembe, huyarusha, huyadaka, huyapitisha mgongoni huku ngoma zikidunda. Mgeni atasema jembe lile ni ishara ya kazi, na hajakosea. Lakini mzaliwa wa Itilima au Maswa anajua kwamba ngoma hiyo ilitoka shambani, ambako vikundi vya walimaji vililima kwa kufuata mdundo, na jembe lilikuwa la kulimia. Limekuwa ishara kwa sababu kwanza lilikuwa jembe. Hoja yangu ya leo ni hiyo hiyo, nikiielekeza kwenye mashairi ya Kiingereza tunayofundisha sekondari: haifahamu ishara mtu asiyekubali kwanza kukiona kitu chenyewe.

Shuleni tumezoea kwenda kinyume. Mwanafunzi hupewa notisi kabla hajalisoma shairi. Notisi zinamwambia dhamira ni unyonyaji, rushwa, matabaka, nafasi ya mwanamke. Anazikariri, kisha anarudi kwenye shairi kutafuta mstari wa kubandika chini ya kila kichwa. Anaweza kufaulu mtihani asijue kama katika shairi lile mvua ilinyesha au haikunyesha. Jambo hili linaniuma, maana watoto hawa si wasomaji dhaifu.

Tutazame "An African Thunderstorm" la David Rubadiri, Mmalawi aliyezaliwa 1930, akasoma Makerere na kufariki 2018. Huyu ndiye aliyehariri Growing Up with Poetry ya 1989, kitabu ambacho walimu wengi wa Kiingereza nchini wamekitumia. Tafsiri iliyozoeleka ya shairi lake ni fupi mno: mawingu yanatoka magharibi, wakoloni walitoka Magharibi, basi dhoruba ni ukoloni. Hapo kalamu inawekwa chini.

Hebu tuingie ndani ya kijiji chake. Upepo unakuja mbio, unageuka huku na kule, unazoa vitu na kuvirusha, na mshairi anaufananisha na nzige na mwendawazimu anayekimbiza kitu kisichokuwapo. Mgongoni mwa upepo huo yamepanda mawingu yenye mimba, yanakwenda kwa madaha. Wanawake wanatoka na kuingia mbiombio, watoto wamewang'ang'ania mgongoni. Nguo zinapepea kama bendera zilizochanika. Mwishoni pana ngurumo, harufu ya moshi na mvua inayopiga kwa mwendo wa gwaride. Katikati ya yote hayo, watoto wanapiga kelele za furaha.

Furaha hiyo notisi hazina la kusema juu yake. Mtoto wa Nyakabindi au Mwanhuzi ataieleza bila kufundishwa. Huku kwetu pamba hupandwa kuanzia Novemba, na wingu zito la msimu huo halimtishi mkulima, linampa matumaini. Ng'ombe wanalingoja, mtama unalingoja. Lakini wingu hilo hilo laweza kuja na upepo wa kung'oa paa la nyumba. Anayeishi na mvua ya namna hii anajua kwamba hofu na shangwe hukaa katika kifua kimoja, na shairi la Rubadiri limejengwa juu ya ujuzi huo.

Je, tafsiri ya ukoloni tuitupe? Siitupi. Rubadiri aliandika pia "Stanley Meets Mutesa", ambalo linaishia pale Magharibi inapofunguliwa lango la Buganda, kwa hiyo upande huo wa dunia haukuwa neno tupu kwake. Bendera zilizochanika, harufu ya moshi na mwendo wa gwaride vinaitia nguvu tafsiri hiyo kuliko neno moja la "magharibi". Ninachodai ni kwamba anayeishika awajibike kueleza na furaha ya wale watoto. Huenda akasema mkoloni alikuja na vitu vilivyowavutia wengi kabla hawajaona paa linakwenda. Hiyo ni hoja, kwa kuwa imetoka katika shairi lenyewe, na mwalimu anaweza kuipima. Lakini anayesema magharibi ni ukoloni, nukta, ameliacha shairi mlangoni.

Naja sasa kwenye shairi ambalo wengi huliogopa, The Waste Land la T. S. Eliot, lililotoka 1922, miaka minne baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika. Sehemu yake ya mwisho ni safari katika nchi ya mawe na mchanga isiyo na maji, yenye radi kavu isiyoleta mvua. Vyuoni tunaambiwa ukame huo ni ukame wa roho ya Ulaya baada ya vita. Ni kweli. Lakini Eliot mwenyewe, katika maelezo aliyoyaambatanisha na shairi, alikiri deni lake kwa kitabu cha Jessie Weston kuhusu hekaya za kale za mfalme mwenye jeraha: mfalme anaugua na nchi yake nayo inakauka, mpaka apone ndipo ardhi irudishe uhai.

Mwanafunzi wa London huhitaji tanbihi ndefu ili aone kwa nini ugonjwa wa mtu mmoja ukaushe mito. Msukuma hahitaji. Kwa mila zetu ntemi, mtawala wa jadi, alibeba dhamana ya mvua na rutuba ya nchi. Ukame ukizidi, watu walimtazama yeye. Utemi kama mamlaka ya serikali ulifutwa mwaka 1963, lakini wazee wanaojua habari zake bado tunao. Kijana wa Meatu anayechimba mchanga wa mto kutafuta maji wakati wa kiangazi, na ambaye babu yake amemsimulia habari za ntemi na mvua, amekaribia kiini cha shairi hilo kuliko anavyodhani yeye na mwalimu wake. Hatujamwambia hivyo, na kutomwambia ni dhuluma.

Hata hivyo ujuzi wa nyumbani nao una mpaka wake. Shairi hilo hilo linaanza kwa kuulaumu mwezi wa Aprili kuwa ni katili. Kwetu Aprili mvua bado zinanyesha na pamba imesimama shambani, kwa hiyo mwanafunzi atashangaa bure. Inabidi aelezwe kwamba kule Uingereza Aprili ni mwanzo wa majira ya kuchipua baada ya baridi kali, na kwamba Chaucer, karne nyingi kabla, aliifungua Canterbury Tales kwa kuusifu mwezi huo kwa mvua zake tamu. Eliot anaupindua wimbo wa babu yake huyo wa ushairi. Bila kuijua ardhi ya shairi, upinduzi huo unatupita. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi waje na mvua yao, kisha waulize mvua ya mwenye shairi ni ipi.

Si kila ishara ni kubwa kama radi. Katika "A Freedom Song" la Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1954 na kuolewa na Mjaluo, binti mdogo Atieno analelewa kwa mjomba wake, anaosha vyombo, anaamka mapema, hasomi. Anakufa akijifungua angali msichana. Msibani panakuwa na nyama na sukari nyingi kuliko alizokula maisha yake yote. Wanafunzi huandika dhamira yake ni ajira ya watoto, wakaishia hapo. Lakini sukari ile imesema zaidi: mali ilikuwapo nyumbani siku zote, ila ilingoja afe ndipo itolewe, tena kwa wengine. Kila aliyewahi kupika msibani katika vijiji vyetu anajua sukari ya matanga inavyopatikana haraka.

Walimu wa Simiyu, nawasihi. Kipindi cha kwanza cha kila shairi kipiteni bila notisi. Lisomeni kwa sauti mara mbili, kisha waagizeni wanafunzi waorodheshe vitu vilivyomo: upepo, nguo, sukari, watoto. Waulizeni kila kimoja kinafanya nini katika shairi, na wao wanakijuaje. Neno dhamira lisiandikwe ubaoni mpaka kipindi cha pili. Na ninyi wanafunzi, mkikabidhiwa notisi kabla ya shairi, liombeni shairi kwanza. Ni haki yenu.