Mchanga wa Mtoni: Nyumba za Mjini na Maji ya Kijijini

Fundi mwashi yeyote wa Afrika Mashariki anaijua kwa moyo hesabu ya zege: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Bei ya saruji hulalamikiwa kila mwaka. Mchanga hauzungumzwi sana. Huletwa na lori, humwagwa kando ya kiwanja, na ni nadra mwenye nyumba kuuliza umetoka mto gani.

Hata hivyo, baada ya maji, hakuna maliasili inayotumiwa kwa wingi duniani kuliko mchanga na kokoto. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu jijini Nairobi, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 kila mwaka. Mchanga wa jangwani haufai sana kwa zege, kwani upepo umezisugua chembe zake hata zikawa laini na za mviringo, zisishikamane vyema. Ndiyo maana baadhi ya nchi za Ghuba, pamoja na majangwa yao, huagiza mchanga wa ujenzi kutoka ng'ambo.

Nchini Kenya, sensa ya mwaka 1999 ilihesabu watu wapatao milioni 28.7. Kufikia sensa ya mwaka 2019 walikuwa milioni 47.6, na Nairobi peke yake ilikuwa na watu milioni 4.4. Watu hao wanahitaji nyumba, shule na barabara, na sehemu kubwa ya mchanga wa kuvijenga hutoka katika mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kajiado.

Mito hiyo hutiririka wakati wa mvua tu. Kiangazi kinapoingia, mgeni huona mkondo mkavu, lakini mwenyeji anajua kwamba maji yamejificha chini ya mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi. Huchimba kisima kifupi, husubiri maji yajichuje, kisha huteka. Kwa mwenyeji huyo, mchanga ndio tangi la maji la kijiji.

Malori yanapouzoa mchanga hadi kwenye mwamba, maji ya mvua hupita mbio yasipate pa kukaa. Kingo za mto hubomoka, nguzo za madaraja hubaki wazi, visima hukauka, na wanawake na watoto hulazimika kwenda mbali zaidi na madumu yao. Wakati huohuo, baadhi ya vijana wanaoyapakia malori hayo kwa koleo ni wana wa vijiji hivyohivyo, na mara nyingi hawana kibarua kingine. Mgawanyiko huo umezusha uhasama, na watu wameuawa kwa ajili ya mchanga.

Mwaka 2015, kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kusimamia uchimbaji wake. Aidha, kwa miaka mingi wakazi wa Ukambani wamekuwa wakijenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni, mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji.

Lakini sheria ya kaunti moja haipunguzi mahitaji ya jiji. Lori likizuiwa huku, litatafuta mto mwingine. Ufumbuzi lazima uanzie pia kwenye kiwanja cha ujenzi. Yapo matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi kwa kuni, na kwa kuwa hushikana yenyewe kwa yenyewe, huhitaji mota kidogo sana. Upo pia mchanga unaopatikana kwa kusaga mawe ya machimbo. Njia hizi nazo zina gharama: si kila udongo unafaa, fundi hana budi kufunzwa, na mashine za kusagia mawe hula nishati na kutoa vumbi.

Suala hili linawahusu pia wasikilizaji walioko Muscat, London au Minneapolis, ambao hutuma fedha nyumbani ili kuinua jengo, chumba baada ya chumba. Anayepiga simu kwa fundi huuliza mifuko ya saruji iliyotumika na mabati yaliyosalia. Angeweza kuuliza pia mchanga umechimbwa wapi, kwa kibali cha nani, na kama ukuta huo ungeweza kujengwa kwa udongo wa palepale. Huko mchanga ulikotoka, yupo mtu anayechimba kisima mtoni, na mwaka huu huenda akafika kwenye mwamba kabla ya kuyafikia maji.