Sayansi ya Ziwa Ianze na Wenyeji



Wapo wanaodhani kwamba sayansi ya mazingira ni kazi ya wageni na wenye shahada. Historia ya Gombe yakanusha. Mwezi Mei 1975 waasi kutoka Zaire waliwateka watafiti vijana wanne wa kigeni, lakini utafiti wa sokwe haukufa. Uliendelezwa na wasaidizi Watanzania, waliowafuata sokwe tangu alfajiri na kuandika kwa Kiswahili yote waliyoyaona.

Basi kijana anayepima dagaa mwaloni Kibirizi, au anayefundisha upandaji miti vijijini, asibaki kibarua daima. Apewe ajira, mafunzo na nafasi ya kupanda cheo. Ziwa halihifadhiwi na mtu asiyejua kama mwezi ujao atalipwa.