Mwaka wa Shule Uliokatika Katikati

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mwaka mmoja wa shule za sekondari, yaani mwaka wa 2020, na hasa jinsi ulivyopita hapa kwetu Songea. Mwaka huo umekwisha pita, na wengi waliokuwa wanafunzi wakati ule sasa ni watu wazima. Lakini yafaa tuukumbuke, kwa sababu ulituonyesha wazi jambo ambalo katika miaka mingine halionekani upesi, ya kwamba mtoto hapotei sana katika siku za masomo. Hupotea katika siku zilizo kati ya kufunga shule na kuifungua.

Kwanza na tutazame mwaka wa shule ulivyo kwa desturi. Kwa vidato vinne vya kwanza mwaka huanza Januari, hupumzika katikati, na mitihani mikubwa huja Novemba. Mkulima wa Songea hawezi kuona tabu kufahamu jambo hili, maana mwaka wa shule na mwaka wa mahindi hufuatana kama ndugu wawili njiani. Januari mahindi ni machanga na yataka palizi. Ndipo mtoto wa kidato cha kwanza naye anapoanza. Machi na Aprili mahindi hubeba, na mwanafunzi naye huanza kushika masomo. Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka vilima vya Matogoro, watu huvuna; na huo ndio wakati mwalimu anapojua nani ameota na nani amenyauka.

Mwaka wa 2020 ulianza kama miaka mingine. Januari wanafunzi wapya walifika katika shule za kata, wakitembea kwa miguu kutoka vijijini. Na wale wa bweni walishuka katika stendi ya Songea na masanduku yao ya bati, magodoro, ndoo na mifagio. Wengine walitoka mikoa ya mbali, wala hawajapata kuona baridi ya nchi ya juu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali ilikuwa imeondolewa tangu Januari 2016, kwa hiyo madarasa yalikuwa na watoto wengi ambao zamani wasingalifika.

Badiliko kubwa la mwaka wa kwanza wa sekondari ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali amefundishwa hesabu, sayansi na maarifa kwa Kiswahili kwa miaka saba. Akiingia kidato cha kwanza, mambo yale yale anaambiwa kwa Kiingereza. Jani alilokuwa akilijua sehemu zake zote, sasa halina jina kinywani mwake. Mtoto aliyekuwa hodari wa kujibu hukaa kimya, na mzazi hudhani amekuwa mvivu. Si mvivu, amekuwa mgeni. Majuma ya kwanza hutumiwa kumzoeza lugha hiyo, na kwa kawaida yapata Machi masikio yake ndiyo yanaanza kufunguka.

Februari 27 ikafika. Siku hiyo kila mwaka Songea huwakumbuka viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani hapa hapa mjini mwaka wa 1906. Kwa mwanafunzi mgeni aliyetoka mkoa mwingine, ni siku isiyosahaulika. Majina aliyoyasoma kitabuni anayakuta katika mawe ya ukumbusho, na wajukuu wa wale mashujaa anawaona wamesimama mbele yake.

Baada ya hapo siku 18 tu zilipita. Machi 16 ilitangazwa ya kuwa mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa korona ameonekana Arusha. Kesho yake, Machi 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kwamba shule zote, tangu za watoto wadogo hata kidato cha sita, zifungwe kwa siku 30. Katika shule za bweni masanduku yaliyopangwa juzi chini ya vitanda yakatolewa tena. Kutoka Songea hata Dar es Salaam kwa njia ya Njombe, Makambako na Iringa ni mwendo wa kilometa zaidi ya 900, na watoto wakaenda safari hiyo wakiambiana, “Tutaonana Aprili.” Lakini Aprili ilipofika siku zile 30 ziliongezwa, wala hakuna aliyejua mwisho wake.

Sasa, wasikilizaji, tazameni shule ilifungwa majira gani. Ilifungwa mahindi yakiwa yamesimama shambani, na siku zilivyokwenda yakakomaa, yakakauka, yakataka mikono ya kuvuna. Mtoto yuko nyumbani, kazi ipo, naye ana nguvu. Si vibaya mtoto amsaidie baba yake kuvuna. Chakula hicho ndicho kitakachomlisha. Lakini kazi ya siku mbili ikawa ya majuma mawili, na ya majuma mawili ikawa desturi. Kijana mwingine alianza kubeba magunia kwa malipo, au kuendesha pikipiki ya mtu, akapata fedha yake mwenyewe mfukoni. Fedha hiyo ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa ya leo. Na faida ya kitabu ni ya kesho. Kijana wa miaka 16 akizipima hizi mbili peke yake, bila mtu mzima wa kumshauri, twajua atakayoichagua.

Vilitangazwa vipindi vya masomo kwa redio na televisheni, navyo vilikuwa msaada mwema. Lakini kipindi cha redio hupita mara moja kama ndege. Mwanafunzi asiyefahamu hawezi kunyosha mkono amwulize mwalimu, na aliyetumwa kisimani saa ile amekikosa. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na mtu nyumbani wa kuwaambia, “Keti sasa, sikiliza, kisha nieleze ulichosikia.” Mtu huyo hakuwa lazima awe amesoma. Bibi asiyejua kusoma aweza kabisa kumwambia mjukuu wake, “Nieleze.” Na mtoto akijaribu kueleza, hugundua mwenyewe pale asipofahamu.

Walioanza kurudi ni wa kidato cha sita. Mtihani wao wa mwisho ulikuwa ufanywe mwezi wa Mei, ukaahirishwa. Shule zikafunguliwa kwao Juni 1, na mtihani ukaanza Juni 29. Yaani baada ya siku 76 za kukaa nyumbani walipewa siku 28 za kujiweka tayari kwa kazi ya miaka miwili. Aliyekuwa amefungua vitabu vyake nyumbani, hata kwa saa moja kila siku, alirudi na saa zaidi ya 70 za kusoma. Aliyevifunga sandukuni alirudi na vumbi. Tofauti yao haikuwa akili, ilikuwa ile saa moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku hiyo hiyo ya Juni 29 wanafunzi wengine wote wakarudi. Ilikuwa siku ya 104 tangu shule kufungwa, karibu majuma 15. Langoni palikuwa na ndoo za maji na sabuni, na kila mtu alinawa kabla ya kuingia. Furaha ilikuwa kubwa, na walimu walikuwa na kazi ya kufundisha kwa miezi michache mambo yaliyopangiwa miezi mingi zaidi. Kidato cha kwanza ndicho kilichoumia zaidi, kwa sababu kile Kiingereza kilichoanza kuota Machi kilikuwa kimekauka, ikawa lazima kupanda tena.

Mwezi wa Julai ulileta huzuni. Julai 24 ilitangazwa ya kuwa Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, amefariki dunia, akazikwa kijijini kwake Lupaso, wilaya ya Masasi, Julai 29. Wanafunzi wa Ruvuma walikuwa na sababu yao ya kumkumbuka, maana katika ujana wake alisoma Kigonsera, upande wa Mbinga, kabla ya kwenda Pugu. Njia iliyompeleka Ikulu ilipita katika darasa moja la mkoa huu.

Lakini jambo la kukumbukwa kuliko yote katika mwaka ule halikuwa na sherehe wala matanzia. Mwalimu huita majina asubuhi. Huita jina la kwanza, mtoto hujibu. La pili, hujibu. La tatu, kimya. Mwalimu hutazama, hulirudia jina lile, kisha huweka alama na kuendelea. Kimya hicho kidogo ndicho hasara yenyewe. Wako wavulana waliobaki na kazi zao. Na wako wasichana ambao katika miezi ile walipata mimba; kwao mlango ulikuwa umefungwa kwa sheria, maana kanuni za mwaka wa 2002 ziliruhusu kuwafukuza shuleni, na hivyo ndivyo ilivyofanywa. Sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2016 iliweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume ampaye mimba mwanafunzi; hata hivyo msichana mwenyewe alikuwa amekwisha poteza shule yake.

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwa maji, lakini mtoto si maji. Novemba 24, 2021, Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, pamoja na wasichana waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za Serikali. Tena kuanzia mwaka wa masomo wa 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa. Kwa upande wa sheria, basi, mlango umefunguliwa. Lakini mlango wa shule ukifunguliwa na wa nyumbani ukafungwa, mtoto hapiti. Msichana aliyejifungua hawezi kurudi darasani ikiwa hakuna wa kumshika mtoto; wala hatarudi ikiwa kila akipita jirani humnong’onea. Hapo si kazi ya Waziri tena. Ni kazi ya mama yake, shangazi yake, bibi yake, na baba aliye tayari kusema mbele ya watu, “Binti yangu atasoma.”

Labda mtu ataniambia, “Ugonjwa ule ulipita, na shule hazijafungwa hivyo tena.” Ni kweli. Lakini kila likizo ndefu ni mwaka wa 2020 mdogo. Kila mwaka mtoto hurudi nyumbani wakati wa mavuno, na siku zile zile zenye hatari humngoja. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu mepesi.

Jambo la kwanza, mtoto akifika nyumbani, apewe saa yake moja kila siku, nayo iwe saa inayojulikana. Kazi ya shamba isiiguse, kama vile hatuli mbegu hata tukiwa na njaa. Na yule wa kidato cha kwanza aitumie saa hiyo kusoma Kiingereza kwa sauti, asije akawa mgeni mara ya pili.

Jambo la pili, tarehe ya kufungua shule itajwe nyumbani mara kwa mara, tangu siku ya kwanza ya likizo. Mtoto asikie baba akisema, “Zimebaki siku 20, tuuze debe hili tununue madaftari.” Mtoto anayesikia hivyo hufahamu ya kuwa kurudi si shauri la kufikiriwa, ni jambo lililokwisha amuliwa.

Jambo la tatu, shule ikifunguliwa na mtoto wa jirani hakuonekana, tumwulizie. Tusiseme, “Si wangu.” Twende kwa mzazi wake, kisha kwa mwalimu, kabla ya majuma kupita. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu asiporudi, msiridhike kusikia kimya baada ya jina lake. Ninyi ndio mnaojua alipo, na huenda neno lenu moja likamrudisha upesi kuliko barua ya mkuu wa shule.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambieni leo. Mto Ruvuma huanza katika vilima vya Matogoro ukiwa kijito ambacho mtoto aweza kukiruka, kisha huwa mpaka wa nchi mbili. Mtoto wa kidato cha kwanza naye yuko pale juu kilimani, na wa kumwangalia asikauke njiani ni sisi.